Kuandika Ulichokiona

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo twaijua tangu utotoni, nasi hudhani kuwa yamhusu mwizi aliyekana wizi wake, au mtoto aliyedokoa nyama jikoni akamsingizia paka. Ni nadra kufikiri kwamba yaweza kumhusu mwanafunzi mtulivu, mwenye sare safi, aliyeandika jibu sahihi katika daftari lake. Walakini swali ninalotaka kulitazama katika insha hii ni hilo hasa: Je, mtu aweza kuandika jibu sahihi na bado akawa amesema uongo? Na ikiwa aweza, uongo huo humdhuru nani?

Si adabu kuanza na makosa ya watu, basi nitaanza na langu. Nilipokuwa katika kidato cha tatu, mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha kuwapaka bakteria rangi kwa njia iitwayo njia ya Gram. Tulichukua tone la maziwa lala, tukalitandaza juu ya kipande cha kioo, tukalikausha, kisha tukakipitisha kioo juu ya moto mara mbili tatu ili bakteria washikamane nacho. Tulimimina rangi ya zambarau, tukaosha. Tukamimina maji ya iodini, tukaosha. Tukamimina spiriti, ambayo kazi yake ni kuiondoa rangi ile ya kwanza, na mwisho tukatia rangi nyekundu. Kitabu kilisema kwamba bakteria wa maziwa yaliyoganda huishika rangi ya zambarau wala hawaiachi. Nilipoweka jicho langu kwenye hadubini niliona vijiti vidogo vyekundu. Nikatazama tena, vilikuwa vyekundu. Nikakifunua kitabu, nikaandika katika daftari, "Rangi ya zambarau," nikapewa alama zote.

Msichana aliyeketi karibu nami aliona wekundu kama mimi. Yeye aliandika hivi: "Nimeona nyekundu. Kitabu chasema zambarau. Nilimimina spiriti nikahesabu hadi 60." Alama zake zilipunguzwa. Lakini siku ya pili mwalimu alilisoma daftari lake mbele ya darasa zima, si kwa kumdhihaki bali kwa kumshukuru. Kutokana na maneno yale machache alitambua kwamba yeye mwenyewe alisahau kutuambia muda wa spiriti. Haifai kukaa ila sekunde chache. Ikikaa zaidi, huwavua rangi hata wale wanaoishika kwa nguvu. Alimrudishia msichana alama zake, kisha akauliza kama yuko mwanafunzi mwingine aliyeona wekundu. Sikuinua mkono.

Nimeyawaza mambo hayo mara nyingi. Jibu langu lilikuwa sahihi, kwa maana bakteria wale, lau wangalipakwa rangi vema, wangalikuwa wa zambarau. Lakini halikuwa la kweli, kwa maana sikuiona rangi hiyo. Mfano wake ni shahidi anayesimama mbele ya hakimu na kuapa kwamba alimwona fulani akiiba ng'ombe usiku, hali yeye alikuwa amelala kwake. Hata ikiwa fulani huyo ndiye mwizi kweli, shahidi yule ni shahidi wa uongo. Hakimu hakumwita aseme lililo sahihi. Alimwita aseme aliloliona. Kadhalika, mwalimu hakutuweka mbele ya hadubini ili tumwambie yaliyomo kitabuni. Kitabu alikuwa nacho.

Tazama sasa habari za mtu aliyeipa njia ile jina lake. Hans Christian Gram alikuwa daktari wa Denmark, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1853. Mwaka 1884 alikuwa Berlin, Ujerumani, akifanya kazi katika maabara ya hospitali pamoja na daktari Carl Friedländer. Walichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa kichomi. Taabu yao ilikuwa hii: walipotia rangi, kila kitu kilishika rangi pamoja, nyama ya pafu na bakteria, hata ikawa vigumu kuwatambua maadui ndani ya umati. Gram akavumbua njia ya kuuvua umati rangi na kuwaachia bakteria rangi yao, kwa iodini na spiriti. Ilikuwa kazi njema, nayo ilistahili sifa.

Lakini haikuwa kamili. Aliona kwamba bakteria wengine, kama wale wa homa ya matumbo, hawakuishika rangi. Spiriti iliwavua nao pia. Kwa mtu aliyetaka njia ya kuwaonyesha bakteria wote, hiyo ilikuwa ila kubwa. Fikiri, ewe msomaji, kishawishi kilichokuwa mbele ya kijana huyo. Alikuwa mgeni katika mji mkubwa wa elimu. Angeweza kuwataja bakteria walioshika rangi na kuwanyamazia wale walioikataa, na hakuna ambaye angemlaumu siku ile. Yeye aliwaandika wote. Tena katika kuimaliza makala yake alikiri kwamba njia yake bado ina kasoro na upungufu, akatumaini kwamba hata hivyo watafiti wengine wataiona ina faida mikononi mwao.

Yaliyofuata yanastahili kukumbukwa. Ile aliyoikiri kuwa ila ndiyo iliyokuja kuwa faida kuu ya njia yake. Watu walitambua kwamba bakteria walio wengi wanaweza kugawanywa katika makundi mawili makubwa: wenye kuishika rangi ya zambarau, na wenye kuiacha wakachukua ile nyekundu. Hata ubishi wa siku zile juu ya kichomi ulisaidiwa na mgawanyo huo. Friedländer alidai kwamba bakteria aliyemwona yeye ndiye aletaye ugonjwa. Daktari mwingine, Albert Fraenkel, alidai kwamba ni bakteria wa namna nyingine. Leo twajua kwamba walikuwa wakitazama viumbe viwili mbalimbali, na kila kimoja chaweza kuleta kichomi, ingawa yule wa Fraenkel ndiye aletaye zaidi. Mmoja huiacha rangi ya Gram, na mwingine huishika.

Sababu yake haikujulikana wakati ule. Ilipatikana miaka mingi baadaye. Siri iko katika ukuta unaomzunguka bakteria. Wale waishikao rangi wana ukuta mnene, uliofumwa tabaka juu ya tabaka. Spiriti inapoupitia ukuta huo huukausha na kuubana, rangi ikafungiwa ndani. Wale waiachao wana ukuta mwembamba, na juu ya ukuta huo wana ngozi ya nje yenye mafuta. Spiriti huyayeyusha mafuta, na rangi ikavuja. Ngozi hiyo ya nje si pambo. Huzizuia dawa nyingi zisipenye, na imebeba kitu ambacho kikitawanyika katika damu ya mgonjwa huleta homa kali na kuiangusha nguvu ya damu. Kwa hiyo rangi moja juu ya kioo humwambia daktari habari za ngozi ya adui, na habari za ngozi humwambia ni silaha gani itakayompata. Elimu yote hiyo ilitoka katika mlango ambao Gram angaliweza kuufunga kwa kunyamaza.

Mwaka ule ule wa 1884, katika mji ule ule wa Berlin, mtu mwingine alipewa mtihani kama huo. Friedrich Löffler, msaidizi wa Robert Koch, alikuwa akitafuta chanzo cha dondakoo, ugonjwa uliowanyonga watoto wengi kwa utando unaoota kooni. Alifaulu kuwakuza bakteria peke yao, akawatia wanyama, nao wakaugua. Mtu mwenye haraka angepiga mbiu hapo hapo. Lakini Löffler aliandika pia mambo yaliyompinga. Katika baadhi ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo hakuwaona bakteria wake. Kinyume chake, aliwakuta katika koo la mtoto mzima asiye na ugonjwa. Na jambo la tatu: katika maiti, bakteria walikuwa kooni tu, hali moyo na viungo vingine vilikuwa vimeharibika bila ya bakteria kuonekana humo. Akasema kwamba ushahidi wake haujatimia, akakisia kwamba huenda bakteria hutengeneza sumu kooni, nayo ikachukuliwa na damu.

Jambo hilo la tatu, ambalo mwongo angelificha kwanza, ndilo lililowaongoza wengine. Mwaka 1888 mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin waliwakuza bakteria hao katika mchuzi wa nyama, kisha wakaupitisha mchuzi huo katika chujio la kaure lenye matundu madogo mno, bakteria wasiweze kupita. Mchuzi uliotoka ulikuwa safi, hauna bakteria hata mmoja. Lakini wanyama waliodungwa mchuzi huo waliugua na kupooza kana kwamba wamedungwa bakteria wenyewe. Sumu ilikuwa imepatikana. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu hutoa kitu cha kuizima. Tangu mwaka 1894 dawa iliyotokana na damu hiyo ikatumika kwa wingi kuwaokoa watoto. Baadaye ikapatikana chanjo iliyotengenezwa kwa sumu ile ile baada ya kuondolewa ukali wake. Wewe usomaye maneno haya huenda uliipata ukiwa mtoto mchanga mwenye majuma sita, ukalia, na mama yako akakubembeleza. Na yule mtoto mzima aliyekutwa na bakteria kooni? Naye alikuwa na somo lake: kwamba mtu aweza kumchukua adui bila ya kuugua, akamwambukiza jirani.

Hapo yaweza kuulizwa: Je, hakuna aliyejikwaa? Yupo, naye ni mkubwa kuliko hao wote. Robert Koch ndiye aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, kwa ushahidi uliokamilika hata wapinzani wakanyamaza. Mwaka 1890 alitangaza mbele ya mkutano mkuu wa madaktari mjini Berlin kwamba amepata kitu cha kuwazuia bakteria hao wasizidi. Kitu hicho, kiitwacho tuberkulini, kilitolewa katika bakteria wenyewe. Lakini kwa miezi kadhaa Koch hakusema kimetengenezwa namna gani. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi mbalimbali, wengine wakiwa wamebakiza pumzi chache. Walidungwa, wakasubiri. Dawa haikuponya. Baadhi yao walizidiwa, na wengine wakafa.

Simtaji Koch ili kumtukana. Ni kosa kuupima mlima kwa bonde lake moja, na elimu ya magonjwa isingekuwa hivi ilivyo bila ya yeye. Namtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha kwamba akili si kinga ya kosa hili. Alitamani sana jambo liwe, akalitangaza kabla halijawa. Na kwa kuwa alificha namna ya kuitengeneza, wengine walichelewa kumwambia alipokosea. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tena, tazama jinsi kweli isivyokosa kazi: miaka iliyofuata madaktari waligundua kwamba tuberkulini haiponyi, ila yaweza kumtambulisha mtu ambaye bakteria wa kifua kikuu wamekwisha mwingia. Kitu kilichokuwa dawa ya uongo kikawa kipimo cha kweli, mara kilipoitwa kwa jina lake.

Najua kwamba wako watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza atasema: "Ukimfundisha kijana kuyakiri mapungufu yake kila mara, utamfanya mwoga. Dunia huendeshwa na wenye kuthubutu." Namjibu kwamba amechanganya uaminifu na woga. Mwoga angaliificha njia yake mpaka iwe kamili, na njia ya Gram isingetoka mpaka leo, kwa kuwa hata leo haijakamilika. Bakteria wa kifua kikuu, kwa mfano, wana koti la nta, na hupimwa kwa njia nyingine. Gram alithubutu kuitoa kazi yake. Lakini aliitoa pamoja na ila yake, kama muungwana auzaye ng'ombe na kumwambia mnunuzi kwamba mguu wa nyuma una kovu. Kuna makosa mawili, na njia iliyonyooka hupita katikati yake: kuficha kazi kwa sababu ina ila, na kuficha ila ili kazi isifiwe.

Wa pili atasema kwa sauti ya chini, na huyu ndiye anitiaye simanzi: "Baba yangu aliuza mbuzi ili nilipiwe karo. Mtihani hutoa alama kwa jibu lililomo kitabuni. Nikiandika nilichokiona nikapoteza alama, uaminifu wangu utanilipia karo ya mwakani?" Hoja hii siwezi kuijibu kwa methali. Ni kweli kwamba mara nyingine mwaminifu hutozwa, na msichana yule alitozwa kwa siku moja. Angaliweza kutozwa kwa mwaka mzima lau mwalimu wetu angalikuwa mtu mwenye kiburi. Nisemalo ni hili tu. Huna haja ya kuchagua baina ya macho yako na kitabu. Andika ulichokiona, kisha andika ulichotarajia, kisha andika unachodhani kimeleta tofauti. Msahihishaji mwenye busara ataona kwamba unakijua kitabu na tena unaijua kazi. Na ikiwa hana busara, umepoteza alama, jambo ambalo ni hasara. Lakini macho yako bado ni yako.

Maana hasara iliyo kubwa zaidi ni ile ya kuyazoeza macho kutii. Mtu hawi mwongo wa maabara siku ya kuajiriwa kwake. Huanza na maziwa lala katika kidato cha tatu, mahali ambapo uongo hauui mtu. Baada ya miaka kumi huenda kijana yule yule amevaa koti jeupe katika hospitali ya wilaya, saa nane za usiku. Mtoto ameletwa ana homa, shingo imekakamaa, na daktari ametoa maji katika uti wake wa mgongo. Dawa ya kwanza imekwisha anzwa, maana ugonjwa huo haungoji. Lakini daktari anataka kujua: mna bakteria katika maji haya, na ni wa rangi gani? Anamwambia mpimaji, "Nadhani utaona wa zambarau."

Mpimaji anainama. Kioo kimeoshwa kwa haraka. Spiriti imekaa muda asioujua. Anaona wekundu kidogo, au haoni kitu. Amechoka, na daktari ni mkubwa wake. Kalamu imo mkononi. Akiandika "zambarau," hakuna atakayemgombeza. Lakini daktari hakutaka mwangwi wa sauti yake, alitaka shahidi. Akipewa mwangwi atazidi kuamini alichokwisha kukiamini, na ikiwa amekosea, hakuna tena wa kumzindua. Mpimaji mwaminifu ataandika, "Sijaona wazi, natengeneza kioo cha pili," naye atatengeneza cha pili huku usingizi ukimlemea. Hilo ni tendo dogo mno, wala halitatiwa katika gazeti. Hata hivyo uhai wa mtoto waweza kulitegemea.

Sasa narudi katika swali la kwanza. Ndiyo, mtu aweza kuandika jibu sahihi na akawa amesema uongo, kwa sababu ukweli wa shahidi haupimwi kwa jambo peke yake, hupimwa pia kwa njia aliyolipatia. Uongo huo humdhuru kwanza aliyeuandika, maana humnyima nafasi ya kujua alipokosea. Mimi niliondoka darasani na alama zote bila ya kujua kwa nini vijiti vyangu vilikuwa vyekundu, mpaka daftari la mwingine liliponifundisha. Kisha huwadhuru wenzake, maana lau sote tungaliandika "zambarau," mwalimu asingalitambua kosa lake, na darasa lililotufuata lingalirithi kosa hilo. Na mwisho huenda ukamdhuru mtu asiyejulikana, aliyelala kitandani mbali, aliyemwamini asiyemjua.

Basi, ewe kijana, utakapoinama mbele ya hadubini, kumbuka kwamba umeitwa kutoa ushahidi. Kiheshimu kitabu, kwa kuwa kimeandikwa na watu walioinama kama wewe. Lakini wao waliandika walichokiona, na heshima iliyo bora ni kufanya kama walivyofanya. Ukiona zambarau, andika zambarau. Ukiona nyekundu, andika nyekundu, na muda wa spiriti uutaje. Usipoona kitu, andika kwamba hukuona kitu, wala usione haya. Na mwalimu atakapouliza ni nani mwingine aliyeona kama mwenzake, inua mkono. Mimi sikuuinua siku ile, na mpaka leo naona haya ya mkono ule uliobaki chini ya meza.